Maisha ndani ya rihabu Mombasa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu kula, kulala na kuurudisha mwili

Ukurasa huu ni wa anayejiandaa kuingia rihabu, yaani kituo cha kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, aliye ndani tayari, na jamaa zake walioko nje. Maswali mengi yanayotufikia kutoka kwa familia hayahusu dawa wala ushauri nasaha. Yanahusu mambo ya nyumbani: anakula nini, mbona halali, kwa nini anaamshwa alfajiri kufagia uwanja. Tunayajibu kwa urefu kwa sababu uponaji hushikia hapo au hutelezea hapo. Mtu aliyeacha unga, yaani heroini, kwa wiki 3 anaweza kuwa na nia safi kabisa, lakini kama hajala, hajalala na hana la kufanya tangu asubuhi, nia hiyo haifiki jioni.

Mwanangu ameingia juzi na hali kitu. Nimpikie biriani nimletee?

Subiri kidogo, mama. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unaponyimwa dawa uliyoizoea, huanza baada ya saa 8 hadi 24 tangu mtu avute au ajidunge mara ya mwisho, na huchukua siku 4 hadi 10. Katika siku hizo tumbo linamsokota, anahara, anatapika, machozi na makamasi yanamtoka, mifupa inamuuma, mara baridi mara jasho. Biriani yenye mafuta na pilipili itarudi juu, na ataichukia bure.

Kwanza ni maji. Kwa joto la Mombasa, mtu anayehara na kutapika hukaukiwa haraka kuliko anavyodhani mwenyewe. Tunampa maji ya ORS, maji ya madafu, chai nyepesi, uji mwepesi, kidogo kidogo kila mara. Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo kikombe tunakijaza nusu tu na mwenzake anakaa naye mpaka amalize. Akishika uji, siku inayofuata anajaribu ndizi au wali mweupe na mchuzi usio na viungo vingi. Biriani yako tunaihitaji, ila iwe wiki ya tatu, na ulete ya kuwatosha wenzake.

Jambo moja ulitilie mkazo unapozungumza na mpokeaji wageni: mtoto wako alikuwa akitumia nini hasa? Arosto ya unga inatesa sana, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua akipata maji na uangalizi. Aliyezoea pombe kila siku, au vidonge vya kutuliza na kulaza kama Valium na bugizi, hali yake ni nyingine. Akikatiza ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo aonwe na daktari kabla ya kulazwa popote. Mnywaji wa muda mrefu apewe pia thiamini, yaani vitamini B1, kwa maana pombe huikomba mwilini na ubongo ukaumia. Usifiche kitu kwa aibu. Hakuna aliyeko hapa atakayekushangaa.

Hamu ya chakula ikirudi, ale nini?

Chakula cha kawaida cha Pwani kinatosha. Hapahitajiki unga wa protini wa makopo wala vidonge vya bei kubwa, isipokuwa daktari ameagiza. Mbaazi au maharagwe ya nazi, dagaa, samaki wa bei yoyote aliyepatikana siku hiyo, mayai, mchicha, sukumawiki, sima, wali, viazi vitamu. Matunda ni ya msimu: embe, papai, chungwa, ndizi. Anayeweza kufika soko la Kongowea asubuhi atalisha nyumba nzima kwa pesa ambazo dukani zingenunua soda na biskuti.

Kikubwa kuliko aina ya chakula ni saa ya kula. Teja hula akikumbuka. Siku nyingine kutwa nzima ni chai na andazi moja. Mwili wake umesahau njaa ikoje. Basi njaa ya saa 8 mchana inapomjia kama wasiwasi, hasira na moyo kwenda mbio, yeye anaiita hamu ya unga. Tumeona mara nyingi mtu anakuja ofisini ameshafunga mfuko, anasema anaondoka, hawezi tena. Tunamwomba ale kwanza. Si kila mara anabaki, lakini baada ya sahani ya wali na mbaazi mazungumzo huwa mengine kabisa. Ndiyo sababu milo mitatu ina saa yake na hakuna anayeruhusiwa kuruka mlo kimyakimya.

Utaona pia anataka vitamu kupita kiasi: sukari vijiko vitano kwenye chai, kaimati, soda. Ni jambo la kawaida kwa waliokuwa kwenye heroini. Hatumnyang'anyi sukari yote mwezi wa kwanza, tunampunguzia taratibu. Mletee tende au matunda badala ya halua kila Jumapili.

Na jikoni wanaingia wote, wanaume kwa wanawake. Kuna kazi ya kukuna nazi ambayo tunaipenda kwa walio katika wiki ya pili. Unakaa kwenye mbuzi, kifuu mikononi, na lazima uangalie meno yale usijikate. Mikono iliyokuwa haina utulivu inapata jambo la kushika, na baada ya nusu saa kuna tui la watu wote.

Amenenepa haraka mno. Kuna tatizo?

Mara nyingi hapana. Alikuwa chini ya uzito wake kwa miaka. Likiendelea baada ya miezi 3 mpunguzie soda na vya kukaanga, mwongezee kutembea. Akivimba miguu au tumbo, hilo ni la daktari.

Kwa nini usiku yuko macho na mchana anasinzia?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kwa wengi ndilo linalowarudisha maskani. Maumivu ya arosto yanakwisha ndani ya siku kumi, lakini usingizi huchelewa. Wiki kadhaa, na kwa wengine miezi, mtu hulala saa mbili tatu, anaamka, anageuka, anahesabu makosa yake ya miaka kumi mpaka adhana ya alfajiri. Mwambieni mapema kwamba hali hii ipo na inapita. Anayejua hivyo hustahimili. Asiyejua hudhani ameharibika moja kwa moja.

Tunachofanya ni kuushikilia ukingo wa asubuhi. Hata kama hajalala, saa 11 na nusu anaamka na wenzake, anaoga, anatoka juani. Mwanga wa asubuhi huufundisha ubongo saa. Mchana anaweza kujinyoosha dakika 20 baada ya chakula, zaidi ya hapo tunamwamsha, na najua hatupendwi kwa hilo. Chai ya rangi na kahawa chungu mwisho saa 8 mchana, kwa sababu baada ya saa kama 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini. Jioni kuoga maji ya baridi kunasaidia sana, hasa miezi ya Januari hadi Machi ambapo chumba hakipoi hadi usiku wa manane. Chandarua kiwepo. Feni ikiwezekana.

Asipewe vidonge vya usingizi kutoka nje, hata kimoja, hata kama shangazi anavitumia na vinamfaa. Kama usingizi umekataa kabisa, au analia kila siku na kusema hana haja ya kuishi, daktari wa magonjwa ya akili ndiye wa kumwona, na upesi.

Ameacha unga. Sigara, muguka na bangi si bora hivyo kuliko vile?

Nitajibu kimoja kimoja, kwa kuwa havilingani.

Muguka na miraa hufukuza usingizi na kuua hamu ya kula, yaani vinavunja vile vitu viwili tunavyohangaika kuvijenga. Wengi wakishatafuna usiku kucha hutafuta cha kuwashusha, na cha kuwashusha wanakijua. Mwezi Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilitoa amri ya kupiga marufuku muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo siku chache baadaye. Watu wanauliza kama basi ni halali. Hukumu ya mahakama haibadilishi kinachotokea kwenye mwili wa mtu anayejaribu kupona.

Bangi vilevile hairuhusiwi. Wengi wa vijana wetu walianza unga ndani ya kokteli, uliochanganywa na bangi kwenye msokoto mmoja. Harufu yake tu inafungua mlango.

Sigara ni ngumu zaidi kuizungumzia, maana wapo wanaoamini kwamba ukimnyima sigara atarudia unga. Utafiti haukubaliani na imani hiyo. Wanaoacha sigara pamoja na dawa hawafanyi vibaya kuliko wengine. Sisi hatumfukuzi mtu kwa sigara, lakini tunamhimiza aanze kupunguza akiwa bado ndani, akiwa na watu wa kumshika mkono. Na kwa mwenye kifua kikuu hakuna mjadala.

Mazoezi ni lazima? Mwili bado unamuuma.

Ni lazima atoke kitandani. Kiasi gani kinategemea hali yake. Wiki ya kwanza ni kuzunguka uwanja mara mbili jioni. Baadaye tunalenga kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima, dakika 150 za wastani kwa wiki, na wengi huvuka hapo kwa mpira peke yake. Kuna mpira wa jioni, kuna kuruka kamba, kuna chuma za kujitengenezea kwa makopo ya saruji. Mwenye vidonda vya sindano mguuni au mshipa uliovimba asikimbie mpaka aonwe na muuguzi.

Bahari tunaitumia pia, kwa makundi na kwa msimamizi anayejua kuogelea. Wengi wa watoto wa Mombasa walikuwa waogeleaji hodari kabla ya unga na wanadhani pumzi ile bado ipo. Haipo, bado. Ufukweni maji yafike kiunoni, na anayetumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga tunayoieleza hapa chini, asiogelee peke yake kamwe.

Methadoni si unga mwingine tu wa serikali?

Swali hili huulizwa hadi misikitini na makanisani, na jibu lake linaokoa watu. Methadoni ni dawa ya kunywa, kipimo kimoja kwa siku, mbele ya mhudumu. Hukaa mwilini saa nyingi, huzuia arosto, na kwa kipimo sahihi haimpi mtu nishai. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014. Hapa Mombasa kliniki inayojulikana zaidi iko Kisauni. Anayeinywa hahitaji kuiba, hahitaji sindano, anaweza kuwa kazini saa 3 asubuhi. Kwangu huyo ni mtu aliye katika uponaji, na ninaomba familia zimwite hivyo.

Ina adabu zake za kila siku. Hufunga choo, kwa hiyo maji mengi, papai, mboga za majani na ukwaju ni sehemu ya tiba yake. Hukausha mate, na meno yanaoza kama hayapigwi mswaki. Ukichanganya na pombe au Valium, pumzi inaweza kukatika usingizini. Na kwa mwenye kifua kikuu: rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huishusha methadoni mwilini, ghafla mtu anahisi arosto ilhali amekunywa kipimo chake chote. Asilaumiwe kwamba anadanganya. Kliniki zote mbili zijulishwe ili kipimo kirekebishwe.

Ramadhani inakaribia. Afunge?

Aliye kwenye arosto, aliye mgonjwa, au anayemeza dawa zenye saa maalumu ana ruhusa ya mgonjwa, na masheikhe wengi watakwambia hivyohivyo. Aliyetulia tunamsaidia afunge, na kwa wengi ni mwezi mzuri kuliko yote mwaka mzima. Anayetumia methadoni azungumze na kliniki mapema kuhusu saa ya dozi, asiiruke wala asiipunguze mwenyewe.

Hatari iko kwenye usiku. Baada ya futari na tarawehe mji uko macho, vijana wako vijiweni hadi daku, na aliyetoka rihabu juzi amekaa katikati yao. Mpangieni wa kumsindikiza kwenda na kurudi. Futari yake ianze na maji na tende, apumzike, kisha ale. Kujaza tumbo kwa viazi karai na sambusa kwa pupa kunamfanya ashindwe kulala na daku ikampita.

Meno yake yameharibika na ana makovu. Tuanze na nini?

Anza na vipimo: virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kifua kikuu. Homa ya ini aina ya C sasa inatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 hivi, watu wengi hawajui. Kisha meno. Heroini ilikuwa inamficha maumivu, kwa hiyo akiacha, jino lililooza miaka 4 iliyopita ndiyo kwanza linaanza kumuuma. Jino linalouma usiku ni sababu halisi ya watu kurudia. Mwambieni daktari wa meno historia yake, asimwandikie dawa za maumivu zenye kodeini wala tramadoli bila kushauriana na wanaomtibu.

Kunyoa, kukata kucha, kufua nguo zake mwenyewe: kila asubuhi, bila mjadala. Kijana anayejitazama kiooni na kujikubali hukaa.

Tumpeleke kwa mganga, au tumpe kombe?

Dua, ibada, kisomo, maombi kanisani: karibuni nyote, vinampa mtu nguvu ambayo sisi hatuna ya kumpa. Lakini dawa za mitishamba za kunywa tunaomba zisiletwe wakati yuko kwenye tiba. Hakuna anayejua zinavyokutana na methadoni au dawa za kifua kikuu ndani ya ini lililochoka. Na msimtoe katikati ya programu kumpeleka kwa mtu aliyeahidi kumponya kwa siku 3.

Binti yetu naye anahitaji uangalizi tofauti?

Ndiyo. Heroini mara nyingi hukata hedhi, na wengi huamini hawawezi kushika mimba. Akiacha, uwezo wa kuzaa hurudi, pengine kabla hata hedhi haijaonekana. Azungumze mapema na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango. Kama tayari ni mjamzito, asikatize unga kwa ghafla kivyake, kwa sababu mimba inaweza kuharibika. Tiba inayopendekezwa ni methadoni chini ya daktari pamoja na kliniki ya wajawazito. Apewe pia mahali pa kulala penye mlango unaofungwa na mhudumu wa kike. Msikubali chini ya hapo.

Tunapokuja kumtembelea, tulete nini?

Kandambili, mswaki, dawa ya meno, leso au kikoi, shuka, sabuni, kitabu au msahafu. Pesa taslimu acheni ofisini. Dawa yoyote, hata ya kikohozi, pitisheni kwa muuguzi. Simu zina saa zake, na mwezi wa kwanza hazipo, kwa kuwa nambari ya muuzaji imo humo au imo kichwani. Mkija, msianze na madeni na redio aliyoiuza. Siku ya mazungumzo hayo itafika, na mshauri atakuwepo.

Anatoka mwezi ujao. Nyumbani tubadilishe nini?

Hapa ndipo tunapopoteza watu, na naomba msome mara mbili. Baada ya miezi 3 bila unga mwili umepoteza uzoefu wake. Kete aliyokuwa akiitumia zamani bila shida sasa inaweza kumuua jioni hiyohiyo. Vifo vingi hutokea wiki za mwanzo baada ya kutoka kituoni au jela.

Basi ratiba ihamie nyumbani pamoja naye. Aamke saa ileile. Ale milo mitatu hata kama nyumba imezoea miwili. Awe na mahali pa kwenda kila asubuhi, hata kama ni dukani kwa mjomba kupanga bidhaa bila mshahara mwezi wa kwanza. Akipata kibarua cha kulipwa kwa siku, bandarini au kwenye tuktuk, saa ya kushika pesa ndiyo saa ya hatari. Wengine wameomba wenyewe malipo yapitie kwenye simu ya mama au mke. Kama baze lake la zamani, yaani kijiwe alichokuwa akitumia unga, liko mtaa uleule, mwulize kama kuna jamaa Likoni, Mtwapa au Mikindani wa kumpokea kwa muda. Jioni mtembee naye Mama Ngina, upepo ni wa bure. Msimwache peke yake na upweke, njaa, hasira na uchovu kwa siku moja. Kimoja anakistahimili, vinne vikikutana ni vigumu.

Tumemkuta amezidiwa. Tufanye nini?

Akiwa haamki, anakoroma kwa mkwaruzo au pumzi ni chache, midomo imebadilika rangi, mboni za macho ni ndogo mno: itisha usaidizi na mpelekeni hospitali sasa hivi. Asimwagiwe maji, asipewe maziwa, asidungwe maji ya chumvi. Kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni. Kama anapumua mlazeni kwa ubavu. Kama kuna mwenye naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya unga mwilini, aitumie, na bado aende hospitali, kwani nguvu ya naloksoni inaweza kuisha kabla ya unga.

Akipona, mrudisheni kwenye tiba wiki hiyohiyo. Kurudia ni jambo la ugonjwa huu, na miezi aliyokaa safi haikupotea. Anajua sasa kulala bila unga kukoje.

Hatuna pesa na hatujui pa kuanzia.

Pigeni 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo. NACADA ina kituo Miritini. Kliniki ya methadoni ya Kisauni huhudumia watu wanaoishi nyumbani kwao, hailazimu kulazwa. Hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili kwa mwenye kusikia sauti au kutaka kujidhuru.

Kabla ya kulipia nyumba yoyote binafsi, ombeni kuona kibali chake, mkaulize nani yuko zamu usiku na kama ni muuguzi. Ombeni kuingia jikoni saa ya chakula cha mchana, muone vyombo, muone wanachokula, muwasalimie waliokaa mezani. Mkiona mtu amefungwa mnyororo, au mkiambiwa kwamba kupigwa ni sehemu ya tiba, ondokeni na mgonjwa wenu na mpige 1192 tena.